Ben Alder, mlima unaokuchosha kabla hujaufikia

Ukimwambia mtu wa Moshi kwamba ulipanda mlima wa mita 1,148 ukarudi hoi, atakucheka, na atakuwa na haki yake. Muuza mandazi wa Nairobi anaamkia juu zaidi ya kilele cha Ben Alder. Kwa hiyo suala la urefu tulimalize hapa hapa: mlima huu hauna kimo cha kumtisha mtu aliyekulia Afrika Mashariki. Kazi ni kuufikia. Uko katikati ya Nyanda za Juu za Uskoti, na kutoka barabara yoyote ya lami iliyo wazi kwa umma utatembea saa kadhaa kabla ya kufika mahali unapoweza kusema, haya, sasa tuanze kupanda.

Waskoti wenyewe wana ugonjwa mmoja wa kupendeza. Mwaka 1891 Sir Hugh Munro alichapisha orodha ya milima ya nchi yao inayozidi futi 3,000, yaani mita 914 na ushei, na tangu hapo wapo watu wanaoishi kwa ajili ya kuimaliza. Kwa sasa ina milima 282. Mtu akiupanda mmoja anautia alama, wikiendi inayofuata anatafuta mwingine. Ile iliyo karibu na barabara huisha mapema: unatoka nyumbani Jumamosi alfajiri, jioni umeshaoga na unakula. Ben Alder huachwa kiporo. Kazini kwetu hapa Glasgow yuko mzee mmoja aliyebakiza milima michache tu, huu ukiwa mmojawapo, na kila nikimuuliza ananijibu kwamba anasubiri hali ya hewa. Mimi nadhani anasubiri miguu.

Chukua ramani uangalie barabara zinavyoukwepa. Mashariki inapita A9, ile kuu ya kutoka Perth kwenda Inverness, na pembeni yake ndipo kilipo kijiji cha Dalwhinnie. Kaskazini ni A86 inayofuata ziwa la Loch Laggan. Kusini ni B846, barabara nyembamba inayoandamana na Loch Rannoch na kwenda kufia kwenye stesheni ya Rannoch. Hapo lami imekwisha, geuza gari urudi ulikotoka. Magharibi kuna reli tu. Ndani ya hizo zote ni milima, maziwa, tope na kulungu.

Anayefanya kazi kubwa ya kuutenga mlima ni Loch Ericht. Ni ziwa jembamba lenye urefu wa kilomita 23 hivi, limelala kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi juu ya ufa wa kale wa miamba ambao wanajiolojia wanauita Ericht-Laidon. Halina daraja. Uso wake uko karibu mita 360 juu ya bahari, kwa hiyo ukipiga hesabu utaona kwamba kutoka majini hadi kileleni ni mita zisizofika 800. Kati ya ziwa na Ben Alder umejiingiza mlima mwingine, Beinn Bheoil, mita 1,019, na katikati ya hiyo miwili, juu kuliko unavyotarajia kukuta maji mengi, limo ziwa dogo jeusi la Loch a' Bhealaich Bheithe. Kaskazini ya Ben Alder kuna Bealach Dubh, pito la kale, ile sehemu ya chini kati ya milima ambayo wenye safari zao walivukia. Ng'ambo ya pito hilo imejipanga milima minne mingine ya orodha ya Munro: Carn Dearg, Geal-Charn, Aonach Beag na Beinn Eibhinn. Wenye mapaja huunganisha yote sita kwa safari moja. Mimi si mmoja wao.

Ben Alder wenyewe hauna ncha. Juu ni uwanda, kilomita za mraba kadhaa za mawe, nyasi fupi na mimea midogo inayolala chini kwa kuogopa upepo. Siku isiyo na ukungu unaweza kusahau kwamba uko mlimani, ila usisahau sana, maana upande wa mashariki uwanda unakatika ghafla. Enzi za barafu, barafu ilichota ubavu ule kama vidole vinavyochota ugali, ikaacha mabonde yenye kuta za mwamba yanayoning'inia juu ya lile ziwa jeusi. Theluji hujikusanya kwenye kingo hizo na kutokeza nje hewani, wakati mwingine mpaka majira ya kuchipua yameshika kabisa, na anayeikanyaga akidhani chini kuna ardhi hana cha kushika. Kwa hiyo wanaokwenda kule wanabeba ramani ya karatasi na dira, na wanajua kuvitumia. Simu huko ni kamera tu.

Njia ya wengi inaanzia Dalwhinnie. Treni ya kwenda Inverness husimama pale, kwenye stesheni iliyofunguliwa mwaka 1863, na ukishuka mwenyeji wa kwanza kukupokea ni upepo. Kijiji ni kiwanda cha wiski, nyumba chache, basi. Barabara ya vumbi ya kwenda mlimani inaanza ng'ambo ya reli. Mwaka 2021 kivuko cha hapo kilipigwa kufuli, sababu ikitajwa kuwa usalama, na wenyeji waliokuwa wakivuka maisha yao yote wakaja juu. Watembeaji wakabaki na njia inayopita chini ya reli, kusini kidogo. Asiyeijua alisimama na baiskeli yake akitazama barabara aliyoitaka, iko pale pale mbele yake, na hakuweza kuigusa.

Ndiyo, baiskeli. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita kwenye ardhi ya mwenzake kwa mguu, kwa baiskeli au kwa farasi, mradi asiharibu wala kusumbua. Gari, hapana. Kwa hiyo anayetaka kuumaliza mlima kwa siku moja hukanyaga pedali kandokando ya Loch Ericht, njia tambarare ya changarawe, ziwa kushoto kwake, miti kulia, kama kilomita 10 mpaka Ben Alder Lodge. Hilo ni jumba la mwenye shamba, na ndilo la mwisho lenye moshi kwenye dohani. Njia inalipa kisogo ziwa na kupanda kulia kuelekea Loch Pattack. Ukipata pancha hapo na hukubeba kiraka, ujue umejipatia matembezi mengine ambayo hayamo kwenye orodha ya Munro.

Loch Pattack kuna farasi. Ni wafupi, wanene, weupe wa vumbi, manyoya ya shingoni yamewafunika macho. Wamefugwa kwa kazi: msimu wa kuwinda hubeba mizoga ya kulungu kuishusha kutoka mahali ambapo gari halifiki. Miezi mingine wanazurura tu kwenye nyasi za kando ya maji, na hawamwogopi binadamu hata kidogo. Mmoja alinijia moja kwa moja, akapitisha pua kwenye begi, akaipata ile mifuko ya pembeni, akaanza kuitafuna zipu ya ule wenye karanga. Pumzi yake ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliisikia kupitia glavu. Rafiki yangu wa Tanga, ambaye hata mbuzi anawakwepa, alikuwa ameshajikinga nyuma ya baiskeli.

"Kaka, mpe tu hizo karanga tuondoke!"

"Nikimpa huyu, hao wengine watano?"

Hakujibu. Farasi alitusindikiza hatua chache nyuma ya bega langu mpaka alipochoka na ubahili wetu.

Kutoka hapo mto wa Allt a' Chaoil-reidhe unakuongoza hadi Culra. Pale pana kibanda kilichokuwa maarufu sana. Uskoti ina utamaduni huu wa vibanda vya bure milimani, kuta za mawe au mbao, hakuna umeme, hakuna maji, hakuna mlinzi, hakuna kufuli; unalala, unafagia, unaondoka. Vingi vinatunzwa na watu wa kujitolea wa Mountain Bothies Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1965, kwa makubaliano na wenye ardhi. Cha Culra kilifungwa baada ya kugundulika kwamba kina asbesto, kwa hiyo siku hizi watu hupiga hema kwenye nyasi zilizo jirani nacho. Ni mahali pazuri pa hema kama hakuna usubi. Kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Septemba, siku isiyo na upepo, usubi wa Nyanda za Juu hukutoa ndani ya hema ukiwa unakimbia huku umeshika kikombe. Mbu wa Tanga ana adabu, angalau anakuja mmoja mmoja.

Culra ndipo mlima unapojionyesha wote kwa mara ya kwanza. Kulia unaona ukingo mwembamba wa Sgor Iutharn unaoitwa Lancet Edge, katikati Bealach Dubh, kushoto Ben Alder na migongo yake miwili inayoteremka kukufuata. Mgongo mrefu unaitwa Long Leachas, mfupi na mkali ni Short Leachas. Watu wengi hupanda kwa ule mrefu. Unaacha njia, unakata nyika yenye vichaka vifupi vya maua ya zambarau vinavyokufika magotini na kuficha mashimo ya maji, na unaanza kulaani. Halafu ardhi inakauka, mgongo unajikusanya, na mikono inapata kazi. Mwamba wake uliiva zamani sana kwa joto na mgandamizo, una vijichembe vya maika vinavyometa jua likitoka, na ukiloana unateleza. Hakuna mahali pa kukutoa roho. Kuna ngazi moja mbili za mawe ambapo unapeleka begi upande mmoja, unashika sawasawa, unapandisha goti mahali ambapo mwalimu wa kupanda milima angekukataza, na umepita. Kila ukidhani hiki ndicho kichwa, nyuma yake kinachomoza kingine.

Kisha pah, uwanda. Upepo unakupiga kifuani. Kilele chenyewe kina nguzo ya zege ya wapima ramani, na karibu yake, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kuna kidimbwi cha maji kinachoitwa Lochan a' Garbh Choire ambacho sikutarajia kabisa kukikuta huko. Siku ya uwazi unaiona Ben Nevis upande wa magharibi, mita 1,345, mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza; kusini-mashariki mlima wa Schiehallion umechongoka peke yake; na kusini-magharibi nyika ya Rannoch Moor imetandazwa, vidimbwi vinang'aa hadi macho yachoke. Kitu kimoja tu hukioni: barabara.

Kushuka, unafuata ukingo wa zile kuta za mwamba, ukiwa mbali nao vya kutosha, kuelekea kusini hadi pito la Bealach Breabag, kisha kama bado una nguvu unapanda Beinn Bheoil na kurudi kaskazini juu ya mgongo wake, Loch Ericht iko chini kulia kwako, lile ziwa jeusi kushoto. Ukingo huo wa Beinn Bheoil ndio mahali pa kuutazama Ben Alder vizuri, maana kuta zote za mashariki ziko mbele yako. Kwenda na kurudi Dalwhinnie ni zaidi ya kilomita 40. Bila baiskeli watu wengi huigawa siku mbili, na wenye busara huigawa hata wakiwa na baiskeli.

Sasa, kila anayerudi kutoka kule anasema pori, pori kabisa, mahali ambapo binadamu hajafika. Hapo ndipo ninapobishana nao.

Mimi nimekulia chini ya mlima wenye lango. Kilimanjaro unalipa ada, unaandikisha jina, hupandi bila mwongozaji mwenye leseni, na kuna wapagazi wanaobeba mizigo yako kichwani wakikupita huku wakikuambia pole pole. Ben Alder hauna lango. Hakuna kiingilio, hakuna askari, hakuna anayekuuliza unarudi lini. Ni rahisi kudhani kwamba basi hauna mwenyewe. Unaye. Mlima huu na mabonde yake ni ardhi ya watu binafsi, mashamba makubwa ya kuwindia ambayo mengine mipaka yake huimalizi kwa kutembea kutwa. Karne ya 18 na ya 19 familia nyingi za Nyanda za Juu ziliondolewa kwenye mabonde yao kupisha kondoo, na baadaye sehemu kubwa ya ardhi ikageuzwa kuwa viwanja vya matajiri kuwindia kulungu. Kulungu wakizidi hula kila mche unaojaribu kuchipua, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya wewe kutembea kutwa bila kuona mti wa kujikinga na mvua. Ule upara unaopigwa picha kwa sifa umetengenezwa.

Na lile ziwa? Loch Ericht limezibwa ncha zote mbili. Maji yake yanashushwa kusini hadi kituo cha umeme cha Rannoch kilichoanza kazi mwaka 1930, na upande wa Dalwhinnie kuna ukuta wa kukinga kijiji kisifurike. Ukiona mstari wa mawe matupu yasiyo na nyasi umezunguka ufuko mzima, hapo ndipo maji yanapopanda na kushuka kwa mahitaji ya watu wanaowasha taa. Reli ya magharibi nayo ni mkono wa mtu. Hata kukosekana kwa barabara ni uamuzi: barabara zipo tele, za changarawe, imara, ila zina mageti, na geti linafunguka kwa gari la mwenye shamba.

Silalamiki kwamba hakuna lami. Lami ingefika Culra, wikiendi moja tu pangekuwa na foleni na mifuko ya chipsi. Ninachokataa ni ile hadithi kwamba umbali huu uliumbwa. Umetunzwa na watu, kwa sababu zao, na mtembeaji ananufaika nao kama mgeni anayekula pilau ya harusi asiyoijua. Ndiyo maana pia kati ya Agosti na Oktoba, uwindaji unapopamba moto, ni adabu kuulizia kwanza wanawinda bonde lipi kabla hujaacha njia. Wao wanaishi kwa kazi hiyo.

Njia ya pili naipenda zaidi, na inaanza ndani ya treni. Reli ya West Highland ilifunguliwa mwaka 1894, na mahali pagumu kuliko pote palikuwa Rannoch Moor, ambako ardhi ni tope jeusi la mimea iliyooza lisilo na mwisho. Wahandisi walishindwa kupata chini. Wakatandika matita ya matawi na mizizi, wakamwaga udongo na majivu juu yake, na reli ikakaa juu ya tope hilo mpaka leo. Ukiwa ndani ya behewa unaweza kuona kulungu wamesimama wakitazama treni kwa dharau. Halafu inasimama Corrour, mita 408 juu ya bahari, stesheni ya juu kuliko zote za reli kuu nchini Uingereza, na hakuna barabara ya umma inayofika hapo. Treni ikiondoka inabaki sauti ya upepo kwenye nyaya, na wewe.

Mwenye shamba la Corrour wakati huo, Sir John Stirling-Maxwell, alikuwa na wageni wa kuwinda wa kuwapokea, na stesheni ikamfaa. Walishuka kwenye treni, wakachukuliwa hadi ncha ya magharibi ya Loch Ossian, wakangojea boti ya mvuke iwavushe hadi jumba lake upande wa pili. Kile chumba cha kungojea boti sasa ni hosteli ya vijana, imezungukwa na miti pembezoni mwa maji, na vitanda vyake vinamtosha hata asiye kijana. Lala hapo. Asubuhi unafuata ziwa kilomita tano na kidogo kwenye njia nzuri hadi Corrour Lodge, na baada ya hapo uzuri unaisha. Unaupanda mto wa Uisge Labhair kuelekea Bealach Dubh. Kwenye ramani ni mstari safi wa vitone. Ardhini ni tope, jiwe, tope, kijito, tope, na kijito kikijaa mvua utakitafutia mahali pa kuvukia kwa muda mrefu kuliko ulivyopanga. Nilitumbukiza mguu mpaka pajani mara tu baada ya kumwonya mwenzangu. Hakusema neno, alikohoa tu.

Bonde hilo lina habari ambayo kila anayepita angepaswa kuijua. Mwisho wa Desemba 1951 watu watano, wanaume wanne na mke wa mmoja wao, waliondoka upande wa Corrour kwenda kibanda cha Ben Alder kwa ajili ya mwaka mpya. Dhoruba ikawakuta njiani. Wanaume wote wanne walikufa. Mwanamke akafanikiwa kurudi Corrour Lodge. Walikuwa bondeni, wakielekea mahali pa kulala, wakitembea tu. Nikisikia mtu anauita Ben Alder mlima mwepesi kwa sababu hauhitaji kamba, huwa nafikiria hao. Baridi inayoua kule mara nyingi si ile kali ya theluji kavu. Ni mvua inayokaribia kuwa theluji, upepo ukiisukuma kwa pembeni, nguo zimeloa, na pa kujihifadhi pako saa nne mbele au saa nne nyuma. Desemba mchana ni wa saa saba hivi. Juni ni zaidi ya saa kumi na saba, na hiyo peke yake inatosha kukuchagulia mwezi.

Ukifika Bealach Dubh unaweza kuupanda Ben Alder kutoka hapo, mteremko mkali, nyasi na mawe, bila mapambo. Au unashika njia inayokata kusini kupitia Bealach Cumhann na kuteremka hadi Loch Ericht, upande wa nyuma wa mlima, kilipo kibanda chenyewe.

Upande huo wa kusini ndio mtulivu kuliko yote na ndio wenye historia. Baada ya vita vya Culloden, Aprili 16, 1746, Prince Charles Edward Stuart, aliyepigania kiti cha ufalme kwa niaba ya baba yake akashindwa hapo, alikimbilia milimani akiwa na zawadi ya pauni 30,000 juu ya kichwa chake, fedha ambazo wakati ule zingeununua ukoo mzima. Hakuna aliyemuuza. Septemba ya mwaka huo alifichwa kwenye ubavu huu wa Ben Alder, juu ya Loch Ericht, na Cluny Macpherson, mkuu wa ukoo wa Macpherson, ndani ya maficho yaliyoitwa Cluny's Cage. Kilikuwa kibanda cha miti iliyo hai na fito, chenye ghorofa, kimeegemezwa mwambani. Jiko lilikuwa ndani na moshi wake ulipanda ukigusa jiwe la rangi ile ile ya kijivu, hata mtu aliye ng'ambo asiuone. Walikula, wakacheza karata, wakangoja meli. Septemba 20 Charles aliondoka kwa meli ya Kifaransa kutoka Loch nan Uamh, mkono wa bahari wa pwani ya magharibi, na hakurudi Uskoti tena. Cluny alibaki amejificha kwenye nchi yake mwenyewe mpaka mwaka 1755, naye ndipo akaenda Ufaransa. Miaka tisa. Ramani zinaonyesha pango la Prince Charlie pale, lakini mahali hasa penye kile kibanda watu wanabishania mpaka leo.

Kibanda cha sasa, Ben Alder Cottage, ni nyumba ya mawe iliyo kwenye ghuba ndogo ya Loch Ericht. Kina sifa ya kuwa na mzimu. Wanasema mlinzi wa wanyama aliyeishi humo alijinyonga, na usiku husikika nyayo. Ukweli hauna utamu huo: aliishi na familia yake, akastaafu, akahamia Newtonmore. Nyayo nilizosikia mimi zilikuwa za panya, na alikuwa anafuata mkate. Kutoka mlangoni unapanda kaskazini kufuata kijito hadi Bealach Breabag, unageuka kushoto, na baada ya mawe mengi uko kwenye uwanda. Ni njia fupi kuliko zote kuelekea kileleni, kama tu umeshafika kibandani, na kufika kibandani kutoka Rannoch ni siku yako yote.

Ukiniuliza mimi, safari nzuri ni ya kuvuka: ingia kwa Corrour, tokea Dalwhinnie, ulale njiani. Unaanza ukiwa tayari mita 408, upepo wa kule mara nyingi hutoka kusini-magharibi kwa hiyo unakusukuma badala ya kukupinga, na siku ya mwisho, magoti yameisha, unamalizia kwenye ile changarawe tambarare ya Loch Ericht. Baiskeli itabidi uiache nyumbani. Na kwa kuwa hizo ni reli mbili tofauti, tiketi ya kwenda na kurudi haitakufaa. Kata ya kwenda Corrour peke yake, na nyingine ya kutoka Dalwhinnie, hiyo ya pili iwe ya kupanda treni yoyote utakayoikuta, kwa sababu saa ya kufika Dalwhinnie hupangi wewe.